Kilichodondoka kwenye plasta ya mama mkwe

Msumeno wa umeme unanguruma katika chumba cha plasta. Sakafu imekuwa nyeupe kwa vumbi, nyusi za mwenye msumeno pia, na dereva wa lori aliyelala kitandani amefumba macho.

"Haukati ngozi huu, kaka. Ungekuwa unakata, mimi ningekuwa na vidole?"

Hospitali nzima inamwita Plasta. Kwa miaka kumi na tisa amefunga mikono na miguu, na anajisifu bila haya kwamba kazi yake hailegei. Ndiyo maana mguu wa mama mkwe wake ulimnyima raha.

Mama huyo, mjane na fundi cherehani, aliteleza bafuni akavunjika mfupa wa muundi. Mkwewe akamfunga mwenyewe. Miezi mitatu baadaye, picha ya eksirei ikaonyesha ufa uleule. Plasta akajilaumu, akafunga nyingine, ya kubana zaidi. Mfupa ukagoma tena. Daktari akaanza kutaja upasuaji, na mama, ambaye ana presha, akaapa kwamba kwenye kisu haendi.

"Nikajua basi, mkono wangu umeisha," anasema Plasta.

Mwezi uliopita, alipoikata ile plasta ya pili, ikadondoka sigara. Nzima. Ikafuata nyingine, imepinda kidogo. Mama akatazama dari, mkwe akatazama ndoo ya kulowekea bandeji.

"Mama wa mke wako utamwambia nini?" anauliza, akicheka hadi anajifuta macho. "Nikaziokota, nikaziweka mezani, nikaendelea na kazi."

Lakini swali halikumtoka kichwani. Moshi unaingia mapafuni. Mguuni unatafuta nini?

Daktari wa mifupa alimweleza taratibu. Mwili ukitumia oksijeni hubakiwa na chembe kali zinazoharibu seli, na una walinzi wake wa kuzizima. Moshi wa tumbaku huziongeza mpaka walinzi wanazidiwa. Hapo seli zinazojenga mfupa hudhoofika, na zile zinazoubomoa huchachamaa. Umri nao unachangia, daktari akaonya, kwa hiyo sigara isibebeshwe lawama zote.

"Kumbe mimi nakazana kubana nje, na ugomvi uko ndani!" anasema Plasta.

Kumwambia mama bado kulimshinda. Akamwachia daktari aseme, yeye akasimama pembeni akijifanya analoweka bandeji ya plasta, mpaka ikamgandia mkononi.

Mama alisikiliza hadi mwisho. "Nilianza baba yao alipofariki," alisema. "Nikajua nachoma mapafu yangu mwenyewe, hayamhusu mtu." Kisha akamgeukia mkwewe. "Na wewe, baba, muda wote huu ulidhani ni kosa lako?"

Plasta akaitikia kwa kichwa. Mama akalia, na mkwewe naye hakujikaza.

Daktari amekubali kusubiri picha ya mwezi ujao kabla ya kuamua upasuaji. Leo mama amekuja kukaguliwa plasta ya tatu. Anaegemeza magongo ukutani, anaunyoosha mguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, pekua uridhike."

Plasta anagongagonga ukingo wa plasta kwa kidole, lakini ndani hachungulii.

"Sipekui, mama. Siku ya kuikata hii, nataka nikute mguu tu."