Uso wa Jiwe kwenye Swichi ya Taa

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alikuwa na tabia ya kuwasha taa kubwa za gari lake mchana kweupe, jua likiwa utosini. Alifika sokoni Marani, akasimamisha gari pale ambapo wauza ndizi hawana budi kulizunguka, kisha akavuta kishikio cha swichi kwa vidole viwili, polepole, jinsi wanavyovuta sigara watu wanaojua kuwa wanatazamwa. Taa zikishawaka, alishuka akaenda mbele kuzitazama. Akarudi akazizima. Halafu akaziwasha tena, maana kuna mtu mwingine amefika. Nimeishi na watu wengi wenye maringo, lakini huyu alitia fora.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini. Magari ya watu binafsi yalikuwa machache huku kwetu, na aliyekuwa nalo alisamehewa mengi. Yeye alikuwa na duka la jumla mjini Kisii, na kando ya duka alifanya biashara ya vinyago vya Tabaka, vya lile jiwe laini ambalo ukilikwaruza kwa ukucha linatoa unga. Alinunua twiga na vibakuli kutoka kwa wachongaji, akawauzia wafanyabiashara wa Nairobi, na kwa jinsi alivyosimulia ungedhani amevichonga mwenyewe. Mimi nilikuwa fundi wa redio, nina kibanda nyuma ya soko, na mbele za watu aliniita shemeji wa nyaya. Nilimdharau tangu siku ya posa, na miaka haikunipa sababu ya kubadili mawazo.

Kwa kuvutwa huku na huku, kile kishikio cheusi cha swichi kilimtoka mkononi siku moja kikapasuka. Mtu mwenye akili angetafuta kingine cha aina ile. Yeye alikwenda Tabaka akaagiza kishikio cha jiwe, kikubwa kama limau, chenye uso wake mwenyewe: mashavu, pua, macho mawili na kofia. Fundi mmoja wa mjini, mtu wa kupiga domo kuliko kupiga nyundo, akakibandika kwa gundi kwenye kile kijiti chembamba cha chuma kinachoingia ndani ya swichi. Nilimwambia shemeji kwamba jiwe ni zito, kijiti ni chembamba, na barabara zetu ni za mashimo. Akaniambia nikatengeneze redio.

Mama yetu aliishi ng'ambo ya Nyamira, kilimani, kati ya majani ya chai na migomba. Macho yake yote mawili yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho. Alitujua kwa sauti na kwa kukohoa. Kuni alizifuata kwa kupapasa, na kikapu chake cha kushonea, ambacho zamani hakikukaa mbali naye, kilikuwa kimejaa vumbi darini. Kisha habari ikaja kanisani kwamba daktari wa macho atafika kwa siku moja tu katika hospitali ya misheni upande wa Tabaka, na atakayechelewa foleni atasubiri ziara nyingine, ambayo hakuna aliyejua itakuwa lini. Shemeji akasimama mbele ya waumini. Akasema mama mkwe wake hatatembea kwa miguu wala hatapanda lori. Atampeleka yeye mwenyewe, kwa gari lake. Watu wakapiga makofi. Akaketi akijifuta jasho, kama mtu ambaye tayari amekwenda na kurudi.

Sasa, sisi Wakisii tuna adabu tunayoiita chinsoni. Mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, wala hawakai chumba kimoja. Iwapo gari ni chumba au si chumba, hilo wazee hawakuwa wameliamua, maana walipoiweka adabu hiyo magari hayakuwapo. Dada yangu akapata suluhisho: blanketi litundikwe kati ya viti vya mbele na vya nyuma, mama akae nyuma yake. Hilo sikulicheka. Mama alikuwa ameishi kwa adabu hiyo maisha yake yote, na mimi niliiheshimu kwa ajili yake.

Ili tuwahi foleni, ilibidi tuondoke kwa mama kabla ya alfajiri na kuteremka milima ile gizani. Kwa hiyo tulipanda Nyamira jana yake mchana, shemeji na mimi, blanketi likiwa limekunjwa kiti cha nyuma. Njia nzima lile jiwe lilitikisika kwenye dashibodi. Kila tulipoingia shimo, ule uso wake uliinama, ukainuka, ukainama tena, kama unakubaliana na kila alichokuwa akisema. Na alikuwa akisema mengi.

Sokoni Nyamira aliona watu aliosoma nao wamesimama kwenye baraza ya duka. Manyunyu yalikuwa yameanza, basi akapata kisingizio. Akavuta uso wake. Taa ziliwaka, zikapepesa, ikatoka harufu kama ya kitana kinachoungua, zikazimika. Akasukuma, akavuta, akasukuma, kama anayekama ng'ombe aliyekauka. Wale wa barazani walicheka hadi wakashikana mabega. Sitaficha kwamba mimi pia nilifurahi, mpaka nilipokumbuka safari ya kesho ni ya nani.

Alisimamisha gari chini ya ua wa mama, akazima injini.

"Safari imekufa, shemeji," akasema. "Bila taa sishuki milima hii usiku. Nitalipeleka kwa fundi wangu juma lijalo."

"Na daktari?"

"Atarudi."

"Lini?"

"Ah, madaktari hurudi."

Alisema hivyo huku akijikuna shavu. Maneno mengi ya kipumbavu nimeyasikia maishani nikayasahau, lakini hayo nimeyaweka.

Mama alikuwa ameketi mlangoni, amekwisha kuoga, amevaa leso yake ya kwendea kanisani. Kikapu cha ndizi za kuchemsha kilikuwa kimefungwa tayari miguuni pake. Aligeuza kichwa kwa sauti ya hatua zangu.

"Gari limefika?"

"Limefika, mama."

"Bwana asifiwe," akasema, akalipapasa fundo la kikapu kuhakikisha limekaza. Nilirudi kwenye gari nimeshika bisibisi na koleo.

Nikakuta shemeji ameanza matengenezo yake. Alikuwa amekamata uso wake mwenyewe kwa koleo la gari na anauvuta kwa nguvu zote, mguu mmoja ameuegemeza mlangoni. Nikamnyang'anya.

"Usiniharibie gari!" akasema.

"Nikuharibie lipi?"

Nilifungua boneti nikatoa waya wa betri. Kisha nikalala chali, kichwa chini ya dashibodi karibu na pedali, miguu nje ya mlango. Kitu kilichoingizwa mahali pake bila kuvunjwa kitatoka bila kuvunjwa, mradi mtu akubali kukitafuta. Nilipapasa ubavu wa swichi hadi kidole kikakuta kijitufe kidogo, hakizidi punje ya mahindi. Ukivuta kishikio mpaka mwisho na kukibonyeza kile kijitufe, kijiti chote kinateleza na kutoka mkononi mwako. Hakuna nguvu, hakuna koleo. Miezi yote ile ya kung'ang'ana, yeye na fundi wake hawakuwahi kuinama waone kuna nini chini.

Muda wote huo alisimama juu ya miguu yangu akiniamuru. Kaza hiyo. Legeza ile. Angalia waya mwekundu. Wokovu wangu ulikuwa mama. Kila alipotoka kwenda jikoni alikohoa, na kila alipokohoa shemeji alikurupuka na suti yake akachuchumaa nyuma ya migomba. Alikuwa akimkwepa mtu asiyeuona hata mkono wake mwenyewe. Adabu ni adabu, sikatai. Ila nilimwomba Mungu ampe mama kazi nyingi jikoni jioni ile.

Nyaya za swichi zilikuwa nyingi na rangi zake zilikuwa zimefifia, kwa hiyo kabla ya kuchomoa hata mmoja nilikwenda kumwomba mama uzi. Akanielekeza darini kwa kikapu cha kushonea. Nilifunga kila waya uzi wa rangi yake, nikafunga uzi kama huo pale ulipotoka. Kisha nikafungua nati ya duara inayoishika swichi kwenye dashibodi, nikaishusha kwa chini, nikaketi nayo kwenye nyasi. Nilikunjua vimasikio vya bati vilivyoufunga mgongo wake, nikaifungua.

Ndani kulikuwa kweupe. Unga laini ulikuwa umetanda kwenye shaba, na pale moto wa umeme ulipohangaika kupita palikuwa peusi tii. Niliuchota kwa ncha ya kidole nikamwonyesha.

"Unajua hii ni nini?"

Akaisogelea, akainusa. "Poda?"

"Ni wewe," nikamwambia.

Hakuelewa, ikabidi nimweleze. Jiwe zito lilikuwa likicheza kwenye kijiti kila tulipopita shimo, likijisaga kwenye ukingo wa dashibodi, na unga wake ukaingia ndani taratibu. Umeme haupiti kwenye jiwe. Kwa kila siku ya maringo, gari lilikuwa likitiwa ukungu ndani ya swichi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema huenda mchongaji alimpa jiwe baya.

Nilipuliza unga, nikafuta kwa kitambaa chenye petroli, nikaikwangua shaba kwa wembe mpaka ikang'aa, nikapaka mafuta ya mgando kidogo. Springi iliyolegea niliivuta ikapata nguvu. Kijiti nilikipasha joto kwenye makaa ya jikoni mpaka gundi ikalainika na lile jiwe likatoka. Nikalitia mfukoni. Mahali pake niliweka kigurudumu cha mbao cha uzi uliokwisha, kutoka kwenye kikapu cha mama, nikakikaza kwa kijibanzi.

"Utaweka hicho?" akauliza. "Watu wakikiona?"

"Watu watakuwa wamelala."

Giza lilikuwa linaingia niliporudisha waya wa betri. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwake, shemeji yuko migombani kama kawaida. Nilivuta kile kigurudumu. Taa ziliwaka kwa pamoja, zikatua ukutani na juu ya mama, na hazikupepesa. Mama akainua mkono mbele ya uso.

"Kuna weupe," akasema.

Nilibaki nimeshika usukani. Nililia, na sioni haya kulisema. Ndipo sauti ikatoka migombani:

"Si nilikwambia gari langu halina shida?"

Tuliondoka kabla jogoo hawajawika. Mama alikuwa nyuma ya blanketi akiomba kwa sauti ya chini, na taa zilitushusha milima yote na kutupitisha Kisii bila kuzimika hata mara moja. Tulifika hospitalini tukakuta watu wachache langoni. Daktari alimfanyia jicho moja siku ileile. Walipomfungua bandeji baadaye na kumpa miwani minene, kitu cha kwanza alichokitazama ni viganja vyake, akavigeuza juu na chini.

Shemeji hakuchelewa. Jumapili ya kwanza baada ya mama kurudi kutoka hospitalini alisimama tena kanisani, akaeleza jinsi taa zilivyomzimikia milimani na jinsi alivyolala chini ya dashibodi kuzitengeneza kwa mikono yake miwili. Alionyesha mikono yenyewe. Watu wakapiga makofi kuliko mara ya kwanza. Mama alikuwa kwenye mabenchi ya wanawake, amevaa miwani yake, ameinamisha macho sakafuni kama inavyompasa mbele ya mkwewe. Kwa mara ya kwanza niliionea wivu chinsoni. Yeye alikuwa na ruhusa ya kutomtazama, na mimi sikuwa nayo.

Nilikwenda kumwona mama mwezi huo huo. Nilimkuta uani anatunga uzi kwenye tundu la sindano, mwenyewe, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo. Kishikio cha jiwe kilikuwa bado mfukoni mwangu. Shemeji hakukidai, maana alikuwa ameshaagiza kikubwa zaidi. Nilimpa mama acheke kidogo. Alikiweka kiganjani akakisogeza karibu na miwani. Kofia ilikuwapo, na mashavu. Lakini kwa kuvutwa kwa vidole viwili kila siku ya soko, pua ilikuwa imelainika na macho yamefutika kabisa.

"Huyu ni nani?"

"Ni mkweo."

Alikifunika upesi kwa upindo wa leso, akageuza uso kando, akaniangalia vibaya kwa kukosa adabu. Akashona kidogo. Kisha, akiwa bado ameinamia kazi yake, akaniuliza kwa sauti ya huruma:

"Maskini, hana macho. Mbona siku ile naye hamkumpeleka kwa daktari?"