Nyuzi Zilizoota Juu ya Chokaa

Unga tulioutia kwenye tanuri ulikuwa na rangi ya kutu na ulifunika tu sehemu ya chini ya kisahani. Ulitoka mweusi, umevimba hadi kumwagika kandokando, na mwepesi kiasi kwamba mwenzangu wa maabara alipopiga chafya ulipaa.

Hiyo ndiyo kazi niliyoiahidi kwenye mémoire yangu ya kemia, tasnifu ya kumalizia chuo: kuotesha nanotube, yaani mirija ya kaboni midogo isiyoonekana kwa macho. Unalowesha chokaa laini kwa maji yenye chumvi ya chuma, unaikausha, unaipasha moto, kisha unapitisha gesi yenye kaboni. Punje za chuma zilizoshikiliwa na chokaa huivunja gesi, na kaboni huota juu yake kama nywele.

Gesi hiyo niliinunua kwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtaani Kadutu.

"Maman, unamaliza gaz yangu juu ya masizi?" alinitania. "Kuya kwetu, sufuria ya muke wangu iko nayo mingi!"

Nilicheka, ingawa hilo ndilo swali nililopaswa kulijibu: ni mirija, au ni masizi tu?

Umeme ulikatika katikati ya kazi. Nilifunga gesi ya fundi, nikaacha azoti, gesi isiyowaka, ipite mpaka tanuri ikapoa. Ndipo tukaukuta ule unga mweusi. Tuliuosha kwa asidi. Chokaa ikatoa povu na kwisha, weusi ukabaki. Nilipousogezea sumaku ya spika mbovu, uliifuata. Nikakimbia kumwonyesha profesa wangu.

"Sumaku inaona chuma, haioni umbo," alisema. "Hizo nanotube, uliziona?"

"Hapana, Prof."

"Basi toa hilo neno mu titre ya mémoire yako. Ukileta picha, utalirudisha."

Bukavu hatukuwa na hadubini ya elektroni. Chupa ya unga ule ilivuka Ruzizi, mto wa mpakani, mfukoni mwa mwanafunzi wa zamani, ikapelekwa kwenye maabara iliyo nayo. Picha ilifika kwenye simu yangu wiki ya utetezi wa mémoire: nyuzi, nyingi, zimesokotana kama mizizi ya nyasi. Mwenzangu alipiga vigelegele. Chini ya picha kulikuwa na maelezo mafupi. Hadubini hiyo huona ngozi ya kitu tu. Zikiwa na tundu, ni nanotube. Zikiwa zimejaa ndani, ni nyuzi za kaboni za kawaida.

Nilitetea kwa titre, kichwa cha kazi, chenye "nyuzi" badala ya "nanotube", nikapita. Kinachobaki cha unga kinangoja zamu kwenye hadubini nyingine, inayopenya hadi ndani. Kama zina tundu, hakuna anayejua bado.