Kitambaa cha Kwenye Buti

Mtaani walimwita Taratibu, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Mteja akikaa kitini na kuanza kutazama saa, yeye humwambia, "Taratibu, kaka, nywele haziendi popote," kisha huendelea kumzunguka kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Alikuwa kinyozi wa makamo, mwenye kitambi kidogo na mkono mtulivu. Chumba chake cha kazi kilikuwa na kiti kimoja, kioo chenye ufa pembeni, na benchi la wanaosubiri. Wengine walikuja kunyolewa, wengine walikuja tu kukaa kwenye benchi na kubishana. Leseni ya udereva alikuwa nayo, maana ujanani aliwahi kuendesha gari la kusambaza mikate la tajiri mmoja, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kumiliki chombo zaidi ya baiskeli.

Kwa hiyo siku dada yake alipomwekea ufunguo wa gari mkononi, alidhani anatumwa kulipeleka kuoshwa.

"Sikutumi popote," dada akasema. "Lichukue, ni lako. Daktari wa macho amenikataza usukani. Naona vivuli tu sasa. Nikiendelea nitagonga mtu, na mimi kazi yangu ilikuwa kuwatibu."

Dada alikuwa muuguzi mkuu wa wodi, sasa mstaafu. Wazazi walipofariki ndiye aliyemlea Taratibu na wadogo wengine wawili, na tangu siku ile aliacha kuwa dada, akawa mama, baba na mlinzi wa zamu kwa mkupuo. Hakuwa mkali wa fimbo. Ukali wake ulikuwa machoni. Hata sasa, Taratibu na mvi zake, akisikia viatu vya dada ukumbini alijikuta anakagua kucha zake kama ni safi. Hakuna mtu wa familia aliyewahi kumsikia akicheka. Alitabasamu, ndiyo, lakini kwa mdomo uliofungwa, kama mtu anayeogopa kitu kisimtoke.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la milango miwili, rangi ya maziwa. Paa lake halikuwa la bati, lilikuwa la turubai jeusi. Dada aliliendesha miaka na mikaka, vioo juu, paa limebana. Watoto wa ndugu waliokaa kiti cha nyuma walitoka humo wamelowa jasho, na hakuna aliyethubutu kugusa kitasa cha kioo. "Vumbi," angesema dada, na mjadala ukafungwa.

Kitambaa alikikuta wakati anatafuta jeki kwenye buti. Kilikuwa kimekunjwa vizuri chini ya zulia. Alikikunjua uani, akakisambaza, akabaki anakitazama. Kilikuwa kizito, cheusi cha kupauka, upande mmoja umenyooka na mwingine umepinda kama mwezi mwandamo. Pembeni kilikuwa na vifungo vya kubonyeza, na kwa ndani kimeshonewa mpira. Kilikuwa na mwanzo usioeleweka na mwisho usioeleweka.

Kwanza alijaribu kulifunika gari zima. Hakikufika hata nusu. Akakiweka kwenye kioo cha mbele, kikaacha jicho moja wazi. Akakitandika kwenye viti, mabawa yakabaki yananing'inia hewani. Mkewe, aliyekuwa anaanika nguo, akamtazama mpaka huruma ikamshika.

"Mume wangu, labda ni aproni ya wifi. Ya hospitali."

"Aproni yenye vifungo vya chuma?"

"Wauguzi wa zamani walikuwa watu wa ajabu," mkewe akasema, akaendelea na kamba yake.

Akakipeleka kazini. Fundi wa kuchomelea, jirani yake wa mlango wa pili, alikigeuza mara mbili tatu akatoa hukumu kwamba ni mfuko wa tairi la spea. Mzee mmoja wa benchi akakataa katakata, akasema ni hema la mbwa. Wakabishana asubuhi nzima, na kichwa cha mteja aliyekuwa kitini kikabaki kimenyolewa upande mmoja.

Taratibu alirudi nyumbani akili imevurugika zaidi kuliko alipotoka. Akajiambia: kitambaa cheusi, paa jeusi, hawa ni ndugu. Bila shaka ni cha kulifunika paa lisipauke. Akakiweka juu ya paa kama kofia. Vifungo havikupata wenzao popote, akavifunga kwa kamba ya katani, akashika njia kwenda kwa dada kumwonyesha kwamba mali yake inatunzwa. Kwenye mzunguko wa barabara upepo ulikiinua. Alikiona kwenye kioo cha pembeni kikipaa kama ndege mkubwa, kikajifunga kwenye nguzo ya taa. Alisimamisha gari katikati ya barabara, akakimbia na kitambi chake, huku nyuma honi zinamtukana kwa lugha zote.

Alifika kwa dada anahema.

"Dada, hiki kitambaa ni cha nini?"

Dada alinyoosha mkono, akakigusa. Vidole vikapita kwenye pindo mara moja tu, kisha akauvuta mkono haraka.

"Umekitoa wapi?"

"Kwenye buti. Chini ya zulia."

"Kirudishe."

"Lakini ni cha..."

"Nimesema kirudishe. Chai yako inapoa."

Hakukuwa na chai mezani. Taratibu alitazama meza, akamtazama dada, akatazama meza tena. Dada alikuwa amegeuzia uso dirishani, na kinyozi huyu, aliyezoea kutazama masikio ya watu, aliona masikio ya dada yamebadilika rangi. Aliondoka hajui amekosa nini. Njia nzima alijiuliza kama pengine ndicho walichomfunikia marehemu fulani, akakiogopa kitambaa, akakisukumia mbali kabisa ndani ya buti.

Pengine mambo yangeishia hapo, kama kiti cha dereva kisingechanika. Alilipeleka gari kwa fundi wa viti vya magari, mtu mwembamba aliyefanya kazi chini ya kibanda cha mabati nje kabisa ya mji, na cherehani lake kubwa. Fundi aliliona gari linaingia akaachia tabasamu.

"Karibu! Na yule mama hajambo?"

"Mama yupi?"

"Mwenye gari. Mama wa miwani myeusi na kitambaa chekundu kichwani. Yule anayecheka sana."

"Umelifananisha gari, bwana. Mwenye gari hili ni dada yangu, na dada yangu hachekagi."

"Gari hili?" Fundi akapiga bodi kofi la mazoea. "Nimebadilisha mpira wa kifuniko chake kwa mikono yangu. Kiko wapi?" Akafungua buti bila kuomba ruhusa, akakitoa kile kitambaa. "Hiki hapa. Sasa mbona paa umelifunga kwenye jua zuri hivi?"

"Paa linafunguka?"

Fundi alimtazama kuona kama anataniwa. Kisha akaingia kiti cha mbele, akafungua ndoano mbili juu ya kioo, akalisukuma paa nyuma. Lilikunjika lenyewe, mbavu za chuma zikalaliana, turubai likajikusanya nyuma ya kiti kama kitanda kisichotandikwa. Mwanga ukamwagika ndani. Fundi akachukua kitambaa, akakilaza juu ya lile rundo, akaanza kubonyeza vifungo pembezoni. Vyote vilikuwa na wenzao, kimoja baada ya kingine, pap, pap, pap. Mwezi mwandamo ukakaa mahali pake, na fujo yote ya vyuma na turubai ikatoweka.

"Kazi yake ndiyo hiyo," akasema fundi. "Paa likishushwa, unalifunika. Vumbi haliingii kwenye mikunjo, upepo haulipigipigi, na gari linapendeza. Tazama lakini." Akabinua ukingo wa kifuniko. Chini kilikuwa cheusi ti, juu kimepauka kikaelekea kijivu. "Hiki kimekula jua la kutosha. Huyu mama alikuwa anatembea wazi, bwana."

Alisimama pale jua likimchoma utosini. Dada mwenye kuchukia vumbi, kitambaa chekundu, kicheko. Kwa muda aliwaza kwamba kuna mwanamke mwingine aliyekuwa akiliazima gari. Akawaza hata kwamba limewahi kuibiwa na kurudishwa bila wao kujua. Kila alichokiwaza kilikuwa rahisi kuamini kuliko kile alichoambiwa.

Kiti kilipokwisha kushonwa, hakulifunga paa. Alikwenda moja kwa moja kwa dada. Watu njiani walimkodolea macho, naye alijisikia kama ametoka nyumbani bila shati.

Dada alikuwa barazani. Alisikia gari likiingia, akainua kichwa.

"Paa limeshushwa," akasema. Halikuwa swali.

"Umejuaje?"

"Mlio wake ni mwingine." Akashuka ngazi polepole, akishika ukuta, akalifikia gari kwa nyuma. Viganja vyake vilipita juu ya kifuniko kutoka kona hadi kona, vikigonga kila kifungo, kama alivyokuwa akipapasa matumbo ya wagonjwa. Kwenye kona moja akasimama, akabonyeza kifungo kilicholegea. Pap.

Taratibu akakosa pa kushika. "Dada. Fundi wa viti anasema wewe unacheka."

Dada akasema, bado amelishika gari, "Wodini kuna siku zilikuwa mbaya. Unamfunika mtu shuka, unamwambia mama yake, halafu unaingia nyumbani kuuliza nani hajafanya kazi za shule. Ningelia wapi? Ningecheka wapi? Mlikuwa mnanitazama kama kuta za nyumba. Hata mlipokuwa watu wazima mkaendelea kunitazama vilevile. Nikapata gari hili. Nikawa napita njia ya machimbo ya mawe, pale pasipo na nyumba, nashusha paa, nakiweka kifuniko, naendesha. Nikitaka kupiga kelele napiga. Nikitaka kuimba vibaya naimba vibaya. Nikikaribia mjini nalifunga tena."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Ningewaambia nini? Kwamba mama yenu wa kuazima ana wazimu kila wiki?"

"Na gari umenipa bila kunionyesha."

"Ningekuonyesha, ungeniuliza," akasema dada. "Na kweli umeniuliza."

Taratibu hakujua afurahi au aumie. Miaka yote ile, mlango kwa mlango, na fundi wa kibandani alikijua kicheko cha dada yake kabla yake yeye. Alitaka kukasirika, lakini hasira haikupata pa kukaa. Akafungua mlango wa abiria.

"Ingia. Nionyeshe hiyo njia."

"Sioni, nitakuonyeshaje?"

"Si unasikia mlio?"

Dada aliingia ndani ya nyumba, akarudi na miwani myeusi na kitambaa chekundu. Alikuwa amevitoa mahali ambapo Taratibu, aliyekulia katika nyumba ile, hakuwahi kupajua.

Njia ya machimbo ilikuwa tupu, vumbi la mawe meupe kila upande. Dada alikaa tu, mikono mapajani, na Taratibu akaanza kudhani wamekosea kuja. Kisha dada akafungua mdomo, akaimba. Kweli aliimba vibaya. Sauti ilikwenda huku na wimbo ukaenda kule. Taratibu alipogeuka kumtazama, dada alikuwa anacheka, meno nje, mabega yanatikisika, na chini ya miwani machozi yanateremka. Hakuweza kujua kipi kinaongoza. Akaelekeza macho barabarani.

Mvua iliwakuta palepale, bila dalili. Taratibu alisimamisha gari, akaruka nje, akashika paa kulivuta. Halikusogea. Akavuta kwa nguvu zote. Akazunguka upande wa pili, akavuta tena, maji yanamwingia shingoni.

"Limekwama, dada! Limevunjika!"

"Kifuniko!" dada akapiga kelele kutoka kitini, amelowa chapachapa. "Toa kifuniko kwanza! Utalivutaje paa limefungiwa chini?"

Akaanza kung'oa vifungo. Vidole vilikuwa vinateleza, kimoja kilitoka, kingine kikagoma. Mpaka kifuniko kinatoka na paa linafika juu ya kioo, viti vilikuwa vimejaa maji, na hapakuwa na kitu kikavu cha kukinga. Waliketi ndani, madirisha yamefunga ukungu, wanadondosha matone kama nguo kambani. Dada bado alikuwa anacheka, kwa chinichini sasa, akijifuta pua kwa kitambaa chekundu.

"Mdogo wangu," akasema, "wewe ni mzito kuelewa."

"Najua, dada."

Alimrudisha nyumbani kwake, akahakikisha amebadilisha nguo. Alipofika kwake, mkewe alimkuta uani anakitandaza kifuniko kwenye kamba, kikimwaga maji.

"Umetoka wapi, umelowa hivi?"

"Machimboni. Mimi na wifi yako."

"Kufanya nini machimboni?"

Taratibu alifikiri. Alikinyoosha kifuniko kona kwa kona.

"Hata mimi sijui vizuri," akasema. "Lakini tumepanga kurudi tena wiki ijayo."