Taa Niliyoifuta Mara Tatu

Niliondoka Akalla, kitongoji kimoja huku kwa Waswidi, asubuhi bila kujua ninakoenda. Taa ya injini ilikuwa imewaka tena, mara ya nne tangu baridi ianze. Gari langu lina miaka ishirini na moja, na sasa ndilo nyumba yangu. Likifa, sina pa kulala. Kichwa kilinigonga, kama asubuhi zangu zote. Nikaendesha tu.

Saa tatu, Tensta. Barabara ilinifikisha kwa Papa Déo, fundi kutoka Bukavu mwenye gereji ya kukodi. Yeye ndiye aliyeifuta taa hiyo mara zote tatu kwa kompyuta yake ndogo.

"Ee, Nakuru!" aliniita kwa jina la mji wetu. "Leo tena? Hii motokari inanipenda kuliko madamu wangu."

"Futa tu, Papa. Nina safari."

"Ya wapi?"

"Sijui."

Alicheka. Kompyuta ikasema yaleyale: katalisti haifanyi kazi. Hicho ni chombo kwenye bomba la moshi, chenye masega kama ya nyuki ndani, kinachopunguza sumu kabla haijatoka nje. Safari hii hakufuta. Aliinua gari kwa jeki, akaingia chini, akakigonga kwa spana. Kililia kama debe tupu.

"Iko bure kabisa ndani! Nani mujinga alitoa masega?"

"Aliyeniuzia."

Nilidanganya. Nilipoacha shule darasa la saba, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza gereji, Nakuru: taa ikiwaka, unakata chombo, unavunja masega ya ndani kwa nondo, unachomelea tena, gari linapumua. Nilifanya hivyohivyo Akalla, kwa mashine ya kuazima, nikijiona fundi.

Papa Déo aliwasha injini, akapaka maji ya sabuni pale palipochomelewa. Povu likachemka: moshi ulikuwa ukivuja. Juu yake sakafu ya gari ilikuwa imeliwa na kutu, chini ya kiti cha nyuma, na moshi ulipenya humo. Alitoka huko bila kicheko.

"Unalalaka mu gari?"

"Wakati mwingine."

"Na injini inawaka?"

"Kukiwa na baridi."

"Kichwa inakuumaka asubuhi?"

Nilikuwa nakiwaza kiti cha nyuma. Kila Jumapili nilimpeleka kanisani Mama Spes, Mrundi wa Upplands Väsby, na bintiye Keza wa miaka sita. Keza hukaa nyuma. Husinzia njiani, tukifika anatapika. Madaktari walikuwa bado wanatafuta sababu.

"Papa, masega niliyatoa mimi. Na kuna mtoto wa watu hukaa pale nyuma."

Alipangusa mikono kwa muda mrefu. "Na miye nilifuta mara tatu bila kuangalia chini," alisema. "Acha funguo hapa. Enda uambie mama yake."

Saa nane, treni. Mimi ni mtu wa kuuliza kila kitu: jengo lile la nini, mto ule unaenda wapi. Siku hiyo sikumuuliza mtu. Theluji chafu ilipita dirishani, na kila kituo nilitamani kushuka.

Saa tisa, Upplands Väsby. Sikuwahi kuzipanda ngazi za kwa Mama Spes. Kila Jumapili nilipiga honi tu, chini.

"Karibu, ndugu yangu! Umekuja kwa miguu?" Keza, ametoka shule, alikuwa akirukaruka kwenye kochi. "Unamwona? Siku za kazi ni mzima kabisa. Namwambia, wewe una shetani wa Jumapili!"

Nilimweleza nikiwa mlangoni, viatu miguuni. Nilisema yote, pamoja na masega.

"Kila Jumapili?"

"Kila Jumapili."

"Na mimi kichwa kinaniuma, nikasema ni baridi."

Nilingoja anifungie mlango. Aliingia chumbani, akarudi akiburuta godoro, akalitupa kando ya kochi.

"Kesho saa mbili ana miadi ya daktari. Utalala hapa, nisije nikakutafuta. Utawaambia wewe, kwa mdomo wako. Vua viatu."

Nikavivua. Majuma yote yale nilidhani taa imeharibika, kumbe ndiyo iliyokuwa nzima kuliko sisi sote.

Keza akauliza kwa Kiswidi gari liko wapi.

"Limekufa," mama yake akamjibu kwa Kiswahili, akaenda kufungua dirisha.