Uchovu wa Kandida

Mkoa wa Manyara ulipokuwa bado mchanga na ofisi mpya zikifunguliwa kila upande wa Babati, Kandida alikuwa fundi cherehani mwenye kazi nyingi kule Bagara. Alishona sare za shule na suti za makarani wageni. Kisha mguu wa kulia ukaanza kumgomea. Aliutaka ukanyage pedeli, nao ukatulia tu kama si wake. Akawa anapepesuka njiani, na majirani wakanong'ona kwamba siku hizi anakunywa.

Alizungushwa hospitali moja baada ya nyingine hadi Dar es Salaam. Huko daktari alimweleza kuwa kinga ya mwili wake inashambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu. Ugonjwa huo, skelerosisi, hauponi, ila hutulizwa.

"Na huu uchovu, daktari?" Kandida aliuliza.

"Nao unatokana na ugonjwa huohuo."

Uchovu ulimtesa kuliko mguu. Aliamka nao asubuhi, na jua likipanda ulizidi, hata kuchana nywele ikawa kazi ya kuianza na kuiacha.

Mumewe, Damiani, alikuwa dereva, siku nyingi yuko safarini. Akamleta dada yake mwenyewe, Hilaria, kutoka Mbulu aje kusaidia. Hilaria alikuwa mjane, mwanamke wa jembe asiyejua kukaa.

Baadaye Irine, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akawa anakuja nyumbani kumfundisha Kandida yoga. Hilaria alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Hiyo si dini ya watu?"

"Hapana, mama. Tunanyoosha viungo na kuvuta pumzi tu. Rozari yake abaki nayo shingoni."

Kandida alijifunza kuinua mikono taratibu akiwa kitini, kusimama huku ameegemea ukuta, na kulala mkekani miguu ikiwa juu ya kiti.

"Usingoje uchoke ndipo upumzike," Irine alimsisitizia.

Mchana mmoja wa kiangazi Hilaria aliingia na ndoo ya maji kichwani, akamkuta mkekani.

"Wifi, umelala tena?"

"Sijalala. Napumzika kabla sijachoka."

Hilaria aliitua ndoo kwa kishindo. "Kabla hujachoka! Mimi nimechoka tangu nimzike mume wangu, na hakuna aliyenitandikia mkeka."

Kandida hakuwa na nguvu ya kubishana. Akasogea ukutani. "Njoo basi. Weka miguu hapa kitini. Vuta pumzi, iache itoke polepole."

Hilaria alilala kwa shingo upande, akiguna. Muda si mrefu akawa anakoroma. Kandida alisikia harufu ya maharage yanayoungua jikoni, akajaribu kuinuka, mguu ukakataa. Angeweza kumwamsha wifi yake. Akamtazama nyayo zilizopasuka, akamwacha. Usiku wakala ugali na maharage yenye moshi, wala hakuna aliyelalamika.

Irine alihamishwa kikazi, lakini mazoezi yaliendelea. Hilaria alimnyoosha Kandida mguu kila siku, kisha naye akajilaza pembeni bila kualikwa. Kandida hakupona. Alianza kutembelea fimbo, cherehani akamwachia fundi mwingine, yeye akabaki kukata vitambaa asubuhi kabla ya joto. Hilaria hakurudi Mbulu kulima masika yale.

Damiani aliporudi kutoka safarini aliwakuta wanawake wale wawili kibarazani, wamejilaza mkekani, miguu juu ya viti. Akavua viatu, akaketi kati yao bila kuulizia chakula.