Kiti cha Dereva

Mama Spana, fundi mjane, alikuwa na mikono ambayo bolti zenye kutu zikiiona tu hujifungua zenyewe. Gari la marehemu mumewe, la michezo, la viti viwili, lilikuwa fupi hivi kwamba mjusi akipita uvunguni huinama. Tangu mazishi hakuna aliyeruhusiwa kukalia kiti cha dereva. Sasa binti yake alitaka kuliendesha, na mama alikuwa ameng'oa bushi za nyuma, mipira ya maungio ya magurudumu, iliyopasuka kama visigino, na kupachika mpya.

"Kaza basi, mama, twende."

"Likiwa linaning'inia kwenye jeki? Ukikaza liko juu, likishuka mpira unajipinda, halafu unachanika. Bushi hukazwa gari likiwa limesimama kwa miguu yake, na dereva ndani."

Wakalishusha, magurudumu yakakaa juu ya magogo mapana ili mtu apate kupenya uvunguni. Kisha Mama Spana akaburuta gunia la mchanga hadi mlango wa dereva.

"Gunia la nini, na mimi nipo?"

"Wewe unyoya, mwanangu. Baba yako alikuwa mzito."

"Baba hayupo, mama. Na mchanga hauendeshi gari."

Mama Spana aliliegemea gunia kitambo, kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa. Halafu akaliacha.

"Haya, ingia. Usitikisike."

Akaingia uvunguni na spana, akakaza bolti moja baada ya nyingine. Kwa kuwa alilala chali, machozi yalimwingia masikioni.

"Mama, vipi huko?"

"Vumbi tu. Kaa vizuri, dereva."