Jibu kwa Mwimbaji wa Hungaria

Mwaka ule chuo kikuu kilifungwa baada ya mgomo wa wanafunzi, tukapewa saa chache kuondoka hosteli. Nilirudi Isiolo na begi la nguo, vitabu viwili vya maktaba ambavyo sikupaswa kuwa navyo, na kaseti moja. Kaseti ilikuwa ya mwenzangu wa chumba. Kaka yake alikuwa akisomea uhandisi Hungaria, na alikuwa amemrekodia bendi za huko: gitaa za umeme zinazokwaruza, ngoma kama mtu anavunja mlango, na juu yake mwanamume anayenguruma. Muziki huo wenyewe huuita metali. Bendi za namna hiyo zinazoimba kwa Kiingereza tulizijua. Hizi ziliimba Kihungaria, na mimi nilipagawa.

Sikuelewa hata neno moja. Nilichopenda ni hoja. Bendi zetu za hotelini ziliimba Kiingereza cha kukariri, na vijana wa mjini waliona hiyo ndiyo akili. Basi nilizunguka nikiwauliza: kama kijana wa Hungaria anaweza kushika gitaa la Wamarekani akangurumia lugha ya nyanya yake, Mborana ameshindwa wapi? Mturkana je? Wengi walinijibu kwamba kile ninachowasikilizisha si muziki, ni ajali.

Nilikuwa hivyo siku zile, na sina hakika kama nimeacha. Jambo halikupita mbele yangu bila kuulizwa cheti. Ustadhi wa madrasa nilimtaka ushahidi wa kisa alichosimulia, chifu nilimtaka anionyeshe sheria inayomruhusu kukusanya watu juani. Mama alisema serikali ilinilipia karo nikasomee ubishi. Msemo wangu mkubwa ulikuwa huu: kama hujui, sema hujui. Niliutumia kwa wazee kama fimbo.

Nyumbani kwetu, mtaa wa Wabera, nilimkuta mjomba. Ni kaka mkubwa wa mama. Kwa Kiborana namwita abuya. Ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wake upande wa Kinna, wote, hadi ndama. Yeye ndiye aliyekuwa mwimbaji wa visimani. Visima vya huko ni virefu kwenda chini, na wanaume husimama ndani yake mmoja juu ya mwingine wakirushiana ndoo za ngozi. Bila mtu wa kuimba mikono haiendi pamoja, maji humwagika njiani. Mjomba aliimba, wenzake wakaitikia, na ng'ombe walioisikia sauti yake walijua zamu yao imefika.

Sasa alikaa ameegemea ukuta wa mabati, akihama na kivuli. Ukimsalimu alijibu, kisha akarudi kimya. Mama alimpelekea maziwa kila asubuhi, na jioni aliyakuta yamepungua kidogo tu. Alikuwa akiniambia, "Tangu afike hajaimba hata kwa mbuzi. Kaka yangu anakufa amekaa."

Siku moja nilikuwa uani na redio ya kaseti, nimeongeza sauti ili majirani wapate elimu.

"Zima hiyo!" mama alipiga kelele kutoka jikoni. "Mbuzi wana mimba!"

"Mama, kuna ushahidi gani kwamba mbuzi—"

"Ushahidi nitakuletea na mwiko. Zima."

Nilinyoosha mkono kuzima. Mjomba akasema, "Acha."

Tulimgeukia wote wawili. Alikuwa ameinua kichwa na anatazama redio.

"Huyu mtu," akasema, "analia nini?"

Jibu la kweli lilikuwa neno moja, sijui, na nilikuwa nimelidai kwa nusu ya mji. Lakini wiki nzima nilikuwa nimehubiri kuhusu wimbo huo. Nikamwangalia mzee, macho yake yakiwa yamefunguka kwa mara ya kwanza tangu nifike, nikasema: "Anaomboleza ng'ombe wake, abuya."

"Nilijua," akasema. "Sauti hiyo inatoka tumboni. Walikufa na nini?"

"Baridi. Huko maji huganda, yanaanguka kutoka juu kama unga, majani yanafunikwa."

"Wote?"

"Wote."

"Walikuwa rangi gani?"

"Wekundu," nikasema. "Na mmoja mweupe, ambaye ndiye anamtaja sana."

Alitikisa kichwa polepole. Kisha akauliza kile ambacho mimi msomi sikukitarajia: "Na nani alimjibu?"

Kwa watu wa visimani, mtu akiimba msiba wa mifugo yake, mwenzake lazima amwitikie kwa wimbo. Kumwacha hivi hivi ni kama kukataa salamu ya mfiwa. Nilijua hivyo tangu utotoni, na bado sikuliona swali likija.

"Sidhani kama kuna aliyemjibu," nikasema.

"Watu gani hao? Mtu analia hivi, na chombo kinampeleka dunia nzima, halafu wananyamaza?" Akasimama kwa shida, akajikung'uta vumbi. "Kesho utanirekodi. Utampelekea."

Lazima nieleze kwamba hapakuwa na wazimu wowote katika agizo hilo. Siku zile kwetu kaseti ilikuwa barua. Ndugu walioko Moyale, au waliovuka bahari kufanya kazi Uarabuni, tuliwatumia sauti, nao wakatutumia yao. Familia ilikaa mkekani ikasikiliza nani kazaa na nani kahama. Sauti ikikufikia, imetumwa kwako. Mjomba hakuwahi kuona kaseti ambayo haikungojea majibu.

Asubuhi alikunywa maziwa yote, akaketi mbele ya redio na mama kando yake wa kuitikia. Nikaweka kaseti tupu, nikabonyeza.

"Salaam aleikum, wewe mwenye ng'ombe wekundu," akaanza, kisha akaninong'oneza, "Ni Muislamu?"

"Sidhani."

"Basi habari yako pia," akaiambia redio.

Halafu akaimba. Nilitegemea dakika tano. Upande mzima wa kaseti ulikwisha. Aliwaita ng'ombe wake mmoja mmoja kwa rangi, kwa pembe, kwa mama zao, akasema alipoangukia kila mmoja. Alimwambia yule mgeni asijilaumu kwa yule mweupe, maana yeye mwenyewe alikuwa na mweusi ambaye alimwacha njiani angali anapumua, kwa sababu mikono ilikuwa imebeba ndama, na ndama naye alikufa kabla ya jua kuzama. Mama hakuwa anajua habari hiyo. Uitikio wake ulikatika mara mbili. Walipomaliza, mama alichomoa kaseti, akavunja kwa kisu vile vipande viwili vidogo vya plastiki nyuma yake ili mtu asije akarekodi juu yake, akanipa.

"Hii usiipoteze," akasema.

Tangu siku ile mjomba alikula. Alikwenda soko la mifugo kubishana bei za watu wengine. Alianza kusema atarudi Kinna. Na kila aliyemsikiliza alimwambia kwamba ana rafiki Ulaya aliyefiwa na ng'ombe kwa baridi, na anangoja neno lake. Wauza mifugo walimtania.

"Mzee, Mzungu wako amejibu?"

"Posta ya huko inapita kwenye barafu," aliwaambia. "Nyinyi mnaokunywa chai ya moto mtajua nini?"

Chuo kilifunguliwa, nikaenda na kaseti. Ningeituma wapi? Niliiweka chini ya nguo, na kila nilipotafuta soksi niliigusa.

Miezi kadhaa baadaye kaka wa mwenzangu alirudi kutoka Hungaria akaja kututembelea hosteli. Nilimwekea ule wimbo, nikamwomba tafsiri kana kwamba ni jambo la utafiti tu. Alicheka hata kabla haujaisha.

"Wanasema jirani akilalamika kelele, ongeza sauti. Halafu wanakwenda kunywa bia. Hapo anapolia sana? Bia imekwisha."

Tulicheka sote watatu. Mimi nilicheka kuliko wao. Hilo ndilo ninaloshindwa kulisimulia bila kushusha macho: kwamba nilicheka, na kwamba bado sikwenda kusema kweli. Likizo ilikuwa karibu. Nilijua nitaulizwa mlangoni. Nikaamua, kwa akili ile ile niliyojivunia, kwamba ukweli ungemrudisha mzee kwenye ukuta wa mabati, na kwa hiyo uongo wa pili ulikuwa tendo la huruma. Huruma yenyewe ilikuwa yangu kwangu.

Nilimwomba yule kaka arekodi maneno machache ya pole kwa Kihungaria. Alikuwa na haraka ya kwenda kupanda basi, na sikuwa na kaseti tupu. Nilikuwa na ile ya mjomba. Nikapiga hesabu: kwa mjomba, kaseti ile ilikuwa Hungaria tayari. Hakuna ambaye angeiulizia. Niliziba kwa karatasi vitundu vya vile vipande alivyovivunja mama, ili kaseti ikubali kurekodiwa tena, nikabonyeza. Yule kaka alisema pole zake kwa dakika mbili, akaondoka. Sauti ya mjomba ilipotokea baada ya maneno yake sikutaka kuisikia, nikajaza sehemu yote iliyobaki kwa nyimbo za bendi.

Nyumbani, mjomba alivaa shati safi kabla ya kuketi mkekani. Nikaweka kaseti. Kihungaria kikatoka, taratibu, cha adabu. Nilianza kutafsiri: "Anakushukuru. Anasema machozi yake—"

"Ngoja," mjomba akasema. Akasikiliza mpaka mwisho, amefumba macho. "Rudia."

Nikarudia.

"Huyu si yule," akasema.

"Ni yeye, abuya. Hapa anaongea tu, haimbi."

"Mimi nimesikiliza wanaume nisiowaona, wako chini ya kisima, miaka arobaini. Namjua nani amechoka, nani ataangusha ndoo. Huyu hajafiwa hata na kuku. Huyu anasoma karatasi." Akafungua macho. "Ni nani?"

Nikamwambia ni nani.

"Na yule wa kwanza? Alikuwa analia nini?"

Ningeweza bado kusema sijui. Nikamwambia kuhusu bia.

Mama aliweka kikombe chini. Mjomba hakupandisha sauti. Alinitazama kama mtu anayetafuta mnyama mmoja kati ya wengi, na kwa muda mrefu hakumpata.

"Kwa hiyo nilimwambia mlevi habari ya yule mweusi," akasema.

"Hapana, abuya. Haikutumwa. Hakuna aliyesikia."

"Haya. Basi nirudishie wimbo wangu."

Mama alikuwa ameshaitoa kaseti kwenye redio. Aliigeuza, akaona karatasi kwenye vitundu, akaichomoa kwa ukucha, akaiweka mkekani mbele yangu. Aliingia ndani na hakutoka hadi jioni.

Nilimwomba mjomba aimbe tena. Nikasema nitanunua kaseti mpya, nitaitunza. Aliniuliza kama mtu huzikwa mara mbili.

Alirudi Kinna mwezi ule ule. Niliposikia, niliogopa kwamba amekwenda kufa, lakini haikuwa hivyo. Jamaa walimkusanyia ng'ombe wachache, kama desturi ilivyo kwa aliyefilisiwa na ukame, na akaanza tena kushuka visimani. Watu walisema anaimba vizuri kuliko zamani. Tulipokutana kwenye harusi au matanga alinisalimu, akaulizia masomo, akaniombea dua. Hakuninunia hata siku moja. Nilijiambia yamekwisha.

Nilipomaliza chuo nilikwenda kumsalimu, nikaambiwa yuko kisimani. Nilisikia uimbaji kabla sijaona watu: sauti yake inatoka ardhini, sauti nyingine zinaipokea, maji yanamwagika horini, na ng'ombe wamesimama kwenye mstari wakingoja. Nilisogea hadi ukingoni. Kijasho kilimtiririka mjomba mgongoni. Aliinua uso kupokea ndoo, akaniona.

Akanyamaza.

Hakufanya kwa hasira. Alinyamaza kama mtu anavyojifunika mgeni anapoingia ghafla. Ndoo iliyokuwa ikipanda iligonga bega la mtu, maji yakarudi chini. Mwenzake aliye juu yake akasema, "Mzee, vipi? Imba!" Mwingine akajaribu kuanzisha, lakini mikono haikukubali, ndoo ya pili nayo ikamwagika. Horini maji yalikwisha, na ng'ombe aliyekuwa akinywa akaramba udongo.

"Habari ya Nairobi?" mjomba akaniuliza kutoka chini, kwa upole.

"Nzuri, abuya."

"Alhamdulillahi."

Kisha akangoja. Wote wakangoja, wanaume watano wameshika ndoo tupu, na hakuna aliyejua wanangoja nini isipokuwa yeye na mimi. Nikageuka nikatembea kupita ng'ombe wote, nikapita na mbuzi, hadi mahali ambapo nilijua sauti haifiki. Nikaketi chini huko, ili wanywe.